Wapangaji Wangu Si Ndugu Zangu

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa tatu, 1984

Naandika kabla ya kula. Nikila nitatulia, na leo sitaki kutulia.

Baada ya misa ya pili, sisi wenye nyumba wa mtaa huu wa Nyalukemba, hapa Bukavu, tulijibana nyuma ya duka la Grégoire, katikati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Habari yenyewe: zone, ofisi ya serikali ya hapa mjini, imebandika tangazo jipya la ushuru wa vyumba vya kupangisha. Kuanzia mwezi huu mpangaji hatamletea mwenye nyumba pesa yote. Atakata fungu la zone na kulipeleka mwenyewe kwa receveur, yule bwana wa kupokea ushuru. Na fungu hilo halihesabiwi kwa pesa inayolipwa kweli — hapana! — linahesabiwa kwa pesa ambayo zone inadhani chumba kinastahili. Mwenye cherehani au meza ya biashara barazani atalipishwa mara mbili: pale anapolala na pale anapofanya kazi. Asiyelipa kufikia mwisho wa mwezi, mlango wake unatiwa lakiri: kamba, nta nyekundu, muhuri. Aliyemo ndani atoke na godoro lake.

Msamaha ni mmoja tu. Anayemlaza ndugu yake bure halipi kitu. Aende zone, aweke sahihi kwamba huyu ni ndugu, basi.

Hapo Grégoire akapanda juu ya gunia. "Siye tuko bajinga? Tangazo linasema ndugu halipi. Basi bapangaji bote bakuwe bandugu!"

Vigelegele! Watu wazima, wenye wajukuu, wanapiga makofi kama watoto waliofutiwa mtihani. Mmoja akauliza: wangu anatoka Kindu, hajui hata kusalimia kwa Mashi, lugha yetu, atakuwa ndugu yangu wa upande gani?

"Upande wa mama," akasema Grégoire. "Kule hakuna mutu anafuata."

Walicheka mpaka gunia moja likapasuka.

Nikasimama. Nilisema: tukidanganya, tumekubali kwamba ushuru huu ni halali na kwamba sisi ni wezi. Si halali! Nimesoma sheria yenyewe, si tangazo. Sheria inataka ushuru juu ya pesa iliyopokelewa, baada ya kutoa gharama za kutengeneza nyumba. Zone inataka ushuru juu ya pesa ya ndoto. Basi kila mmoja aseme ukweli wake, vyumba vyake na anachopokea, alipe juu ya hicho, na kilichobaki tukikatae. Wote, siku moja. Watatia lakiri mtaa mzima? Nta itawatosha?

Grégoire akashuka guniani. Nilidhani nimewapata.

"Maman professeur," akasema Grégoire, kwa upole kabisa, "ikala chini. Hapa haiko lycée."

Wakacheka tena. Safari hii walinicheka mimi, mwalimu mstaafu wa sekondari.

Nikawaambia: wapangaji wangu si ndugu zangu. Nawagombeza, wananilalamikia, wananilipa, nawapa nyumba isiyovuja. Ni mambo ya heshima hayo. Ndugu ni kitu kingine. Nikatoka, na chumvi kwenye viatu.

Jumatano, tarehe 7 mwezi wa tatu. Majivu.

Kabla ya saa sita Grégoire alikuwa mlangoni kwangu. Msalaba wa majivu kwenye paji la uso, karatasi za zone kwapani. Alikuja kunisaidia, eti. Amejaza kila kitu, imebaki sahihi yangu tu.

"Papa Grégoire, uko na majivu usoni na uongo mukononi."

Akacheka, akakaa bila kukaribishwa. Huyu mtu alikuwa karani wa kampuni ya chai kabla ya duka, anajua kuongea. Akaniambia: "Bo banatuiba na reçu. Siye tunabaiba bila reçu. Tofauti iko wapi, maman?"

Wizi wenye risiti na wizi usio na risiti! Ni swali zuri kwa mwizi. Kisha nikamjibu: tofauti iko kwenye jina langu. Wao wakiiba wanaandika jina la zone. Mimi nikidanganya naandika Delphine.

Halafu nikamkumbusha kalinzi. Baba yangu kule Kabare alimpa mwami, chifu wetu, kalinzi kwa ajili ya shamba: ng'ombe mmoja, mbele ya mashahidi, mchana. Basi, shamba likawa letu. Mwami hakurudi mwaka uliofuata kusema ng'ombe yule alikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Na baba hakusema kwamba ng'ombe ni shangazi yake! Watu walilipa, walisimama wima, na aliyepokea alijua mpaka wake. Hicho ndicho ninachokitaka kwa zone. Sikatai kulipa. Nakataa kuonewa na nakataa kujificha.

"Na bakifunga milango yako, utakula nini? Vitabu?"

"Nitakula weye, na majivu yako itakuwa chumvi!"

Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wabaya nawajua jinsi ya kupigana nao.

Lakini swali lake limebaki mezani baada ya yeye kuondoka. Nitakula nini? Vyumba vya uani alivijenga mume wangu Emile mwaka wa mwisho wa maisha yake, tofali kwa tofali, ili mjane wake asiombe. Pensheni ya ualimu inakuja inapotaka, kama mgeni wa Kinshasa. Nakula vyumba vile. Kimoja yumo Télesphore, fundi wa kushona, cherehani yake barazani. Cha pili Noëlla na watoto. Ananunua maharagwe Miti na kuyauza sokoni, mume wake anachimba dhahabu Kamituga na kutuma salamu. Cha tatu hakina paa. Upepo wa mwezi wa kwanza ulilibeba na kulitupa kwa jirani.

Ijumaa, tarehe 9 mwezi wa tatu

Nimeenda zone. Na barua yangu, na sheria yangu, na viatu vya misa.

Receveur anaitwa citoyen Murhula, yaani raia Murhula, kama Rais alivyoagiza tuitane. Abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, ya rangi ya udongo, picha ya Rais juu ya kichwa chake, kalamu ya ofisi imefungwa kwa uzi mezani isiibiwe. Kwake mimi ni citoyenne Nsimire. Delphine walilipiga marufuku miaka ile Rais alipofuta majina ya Kikristo. Limebaki kanisani na midomoni mwa majirani.

"Vyumba tatu," akasema.

"Viwili. Cha tatu hakina paa."

"Mulango uko?"

"Mulango uko. Paa haiko."

"Iko na mulango, iko chumba." Akaandika tatu.

Nikamwuliza anadhani nani analala humo. Akasema yeye hahusiki na wanaolala, yeye ni mtu wa milango. Na baraza la Télesphore? Hilo ni atelier, karakana. Lina kuta? Halina. Lina mlango? Halina! Basi kwa hesabu yako wewe mwenyewe, papa, si chumba! Akafikiri. Akasema atelier haihitaji mlango.

Miaka yote niliyofundisha historia niliwaeleza watoto ushuru wa chumvi wa wafalme wa Ufaransa, na kodi ya kichwa ya Wabelgiji, ambayo baba yangu aliilipa akivaa kibati shingoni. Watoto waliniuliza: madame, kwa nini watu walikubali? Leo ningewajibu: kwa sababu aliyewaandika alikuwa mpole, amechoka, na anasikia njaa.

Maana si katili huyu. Barua yangu aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari. Kisha akashusha sauti: "Maman, juu ya nini unajisumbua? Batu ba mutaa wako bote bameleta bandugu. Weye peke yako hauna bandugu?"

"Ninao. Hawanilipi!"

Makarani wa meza ya pili wakacheka. Naye akacheka. Halafu akavuta droo kidogo, akaiacha wazi, akageuza uso kuangalia ziwa dirishani. Najua ile droo. Inangoja matabishi, kitu kidogo cha kulainisha mkono. Nikanyoosha mkono juu ya meza nikaisukuma ikajifunga. Karibu imbane kidole.

Nilirudi kwa miguu, kichwa juu. Njiani nikakumbuka kwamba sikupata jibu lolote.

Jumamosi, tarehe 17 mwezi wa tatu

Mungu ana ucheshi!

Leo salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi: mtaa mzima kwenye mtaro na majembe, na kiongozi wa mtaa, mtu wa Chama tawala, anaita majina. Tuko matopeni, ndipo Aloys anaegemea jembe lake. Aloys ni mpangaji wa Grégoire, dereva wa camionnette ya njia ya Kavumu, mwenye sauti ya kuita abiria.

"Kaka Grégoire! Umelala muzuri, kaka?"

"Tangu lini miye niko kaka yako?"

"Tangu zone! Si ulisema mbele yangu, na mbele ya receveur: huyu ni mudogo wangu, tumbo moja? Mi nililia machozi, kaka. Nilikuwa sina mutu hapa Bukavu."

Kila jembe lilisimama.

Kumbe siku ya kulipa imepita na Aloys hakulipa. Grégoire alipomfuata, alijibiwa kwa mshangao mkubwa: mdogo anamlipa kaka yake kwa kulala? Hayo ni mambo ya Wazungu! Tena ameleta mama mkwe wake kutoka Kabare, na mama mkwe anaingia jikoni kwa Grégoire kila jioni kuuliza tunakula nini. Tunakula!

Lakini hayo yalikuwa mwanzo tu. Mtoto wa Aloys anaoa msichana wa Miti. Wakwe wametaja mahari: ng'ombe.

"Na ya kwanza," akasema Aloys, akiwageukia wazee, "iko ya kutolewa na kaka mukubwa wa baba. Ni desturi, ao si desturi?"

Wazee wakaangaliana. Desturi ni desturi.

"Ni desturi," wakasema.

Grégoire alifungua mdomo, akamwona kiongozi wa mtaa amesimama hapo na orodha yake, akaufunga. Angesema nini? Akimkana Aloys, amekiri mbele ya Chama kwamba alidanganya zone. Akimkubali, ana ng'ombe wa kununua. Sijapata kuona mtu akilima mtaro kwa bidii namna ile.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope. Kisha nikaangalia kushoto na kulia. Wenye nyumba wengine hawakucheka. Wapangaji walicheka wote. Ndipo nikaelewa: Aloys si wa kwanza, ndiye tu mwenye sauti kubwa. Katika kila ua mtaani kuna mdogo mtu mpya ambaye hatalipa tena. Waliiuzia zone undugu wa uongo, na watu wameupokea kama wa kweli. Wana haki!

Jumanne, tarehe 20 mwezi wa tatu

Leo sicheki.

Mjumbe wa zone ameleta karatasi. Vyumba vitatu na atelier. Au nilipe vyote kama walivyokadiria, au lakiri. Barua yangu haikutajwa popote.

Nilikuwa nimemtuma Télesphore kupeleka fungu halali: la vyumba viwili, juu ya pesa ninayopokea kweli. Amerudi nalo mkononi. Receveur amesema zone haipokei vipande. Yote au hakuna.

Télesphore hakukaa. Alisimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, akavua kofia, maana ana adabu hata akikasirika. "Maman, Grégoire alidanganya, bapangaji bake banalala. Weye ulisema kweli. Siye tutalala fasi gani?"

Nilianza kumweleza. Kwamba wakinifungia bila haki nitakwenda mahakamani, kwamba mtu mmoja akisimama wengine—

Noëlla alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. "Haki yako iko muzuri, maman," akasema. "Lakini nitalalisha batoto ndani yake?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza, kama mtu anayeuliza bei.

Mimi! Nimewajibu maaskofu, nimewajibu wakaguzi wa shule, nimemjibu yule mtu wa Chama aliyetaka tucheze ngoma uwanjani kwenye jua. Kwa Noëlla nilisema tu: nitafikiri. Nafikiri. Naona naandika kwa hasira, na sijui hasira ni ya nani.

Nilipe yote? Pesa ninayo — akiba ya kuezeka upya chumba cha upepo. Nikiwapa, nimewaambia kwamba chumba ni mlango. Mwaka ujao watahesabu madirisha. Hapana. Hapana!

Jumapili, tarehe 25 mwezi wa tatu

Grégoire amekuja baada ya misa. Amekonda. Mama mkwe wa Aloys hapendi maharagwe, anataka samaki.

Alizunguka sana. Akasifu chai. Akasifu maua. Mwishoni: wenye nyumba wamekubaliana, wananiomba niwaandikie barua kwa zone. Barua nzuri, ya Kifaransa cha lycée. Iseme kwamba kulikuwa na "kuchanganyikiwa kidogo" kuhusu undugu.

Moyo wangu uliruka, nikiri. Ndiyo! Nikamwambia naandika sasa hivi, lakini itasema hivi: tulidanganya, tulidanganya kwa sababu makadirio ni ya uonevu, tunafuta uongo wetu, nanyi mfute makadirio yenu. Na chini yake majina yetu yote. Wangekuwa watu wa mtaa mzima! Receveur atafanya nini na mtaa mzima?

"Maman Delphine, tulidanganya? Hilo neno liko la lazima?"

"Ndilo barua yenyewe."

Alizungusha kikombe. Akatazama dirishani. Akasema ngoja kwanza amalize mambo ya ng'ombe.

Na kweli! Kesho anapanda camionnette ya Aloys — bila kulipa nauli, angalau hilo, ni ndugu — kwenda Miti kutafuta ndama. Mtu huyu yuko tayari kununua ng'ombe ili asiweke jina lake chini ya neno moja la kweli. Miaka mingi nasoma vitabu nitafute jinsi watawala wanavyotutawala. Ningekwenda tu pale nyuma ya duka, kwenye magunia.

Sitaandika barua ya mtaa. Ninayo yangu.

Ijumaa, tarehe 30 mwezi wa tatu

Nimebandika nakala ya barua yangu kwenye ubao wa zone, chini kabisa ya tangazo lao. Askari akauliza nani ameniruhusu. Nikamwambia: gundi.

Ilikaa mpaka mchana. Wameing'oa, lakini watu walikuwa wamesoma. Mwuza mkaa alinisimamisha sokoni kuniuliza kama ni kweli kuna chumba cha kulipishwa kisicho na paa. Nikamwambia aje akione, siku ya jua.

Noëlla kanieleza kwamba mwanaume mwenye miwani myeusi aliulizia dukani kwa Grégoire mimi ni nani. Grégoire akasema hanifahamu vizuri. Anakaa hatua chache kutoka kwangu tangu nilipoolewa! Nikamwambia Noëlla: akirudi, mwambieni naitwa Nsimire, na Delphine pia, na mchana nipo.

Ujasiri mwingi. Lakini Noëlla alikuwa anakunja nguo za watoto na kuzifunga kwenye kitenge. Taratibu, bila kunilaumu. Nilimwona, nikapita kama sikuona.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa nne

Wako uani. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo.

Walikuja baada ya chai: receveur mwenyewe, karani, askari, mshumaa, nta. Upepo wa ziwani ulizima mshumaa mara nyingi, askari akakinga kwa kofia. Na walianza wapi? Kwenye chumba cha upepo! Walivuta mlango, wakaufunga, kamba, nta, muhuri. Kazi safi. Citoyen Murhula alikuwa bado anapuliza nta ikauke, kuku wa Noëlla akaruka ukuta akaingia chumbani kwa juu. Akaanza kuimba humo ndani kama ametaga.

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa miti ya miyenzi. Kicheko kilisikika mpaka barabarani. "Receveur! Muulize kuku kama iko ndugu!"

Mimi sikucheka. Nilimwona jasho linavyomtoka kwenye ile abacost. Mtu aliyechekwa mbele ya askari wake hawezi kuondoka hivi hivi.

Akaenda kwa Noëlla. Noëlla alikuwa mlangoni, kitenge cha nguo miguuni, watoto wawili wamemshika. Karani akamwambia atoe vitu.

"Sitoki kwa mama yangu," akasema Noëlla.

"Mama yako nani?"

"Maman Delphine. Iko mama yangu. Na ule fundi iko kaka yangu."

Télesphore akaja na utepe wake shingoni, mrefu kama mlingoti, mtu wa Uvira ambaye hafanani nami hata kidole. "Tumbo moja," akasema, bila kutikisika.

Na kutoka nyuma ya ua, sauti ya Grégoire, mwenye ng'ombe: "Kweli kabisa, papa receveur! Mi naijua ile famille tangu zamani!"

Tangu zamani! Ijumaa hanifahamu vizuri!

Mabega ya receveur yakashuka. Alikuwa anangoja hilo tu. Karatasi ilikuwa tayari mfukoni, naamini amekuwa akitembea nayo tangu siku ya droo. Akanisogelea, akasema polepole ili askari asisikie: sahihi moja tu, maman, na ile lakiri ya kule naitoa kwa mkono wangu. "Unisaidie. Mi pia niko na bakubwa juu yangu."

Watu wote wakanyoosha shingo juu ya miyenzi. Hata kuku. Kisha mtoto mkubwa wa Noëlla, yule msichana, akanivuta kitenge. "Koko," akasema. Bibi.

Nikasema: ngojeni nichukue kalamu. Nikaingia.

Kalamu ndiyo hii.

Koko. Sijui kama mama yake alimfundisha leo asubuhi au limetoka lenyewe. Nimelipenda. Nimelipenda sana, nisijidanganye. Ndiyo maana sitaki liwe karatasi ya zone, lipigwe muhuri, liwekwe kwenye faili na ng'ombe wa Grégoire. Nikitia sahihi, watalala ndani usiku wa leo, na kila nikimpa unga Noëlla hatajua, wala mimi sitajua, nani amempa: Delphine au ile karatasi. Na mwaka ujao citoyen Murhula atarudi na tangazo lingine, na mtaa huu utatafuta upande mwingine wa mama.

Lakini nikitoka na kusema wapangaji, tu, wapangaji, na kukunja mikono — naisikia sauti ya Noëlla inauliza bei. Ana haki ya kuuliza. Haki yangu haimtoshi yeye na watoto.

Basi vipi, professeur?

Niliwaangalia vizuri kule kwenye chumba cha upepo. Kabla ya kamba, kabla ya nta, walihitaji kitu kimoja: mlango uliofungwa. Mlango ulio wazi hautiwi lakiri. Na mimi si mwembamba. Nikikaa kizingitini kwa Noëlla, mgongo kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye mwingine, hawafungi. Labda wataninyanyua. Askari ni kijana, ana mama, na mtaa mzima unatazama. Labda wataninyanyua hata hivyo. Basi waninyanyue mchana, mbele ya mashahidi, mwanamke mwenye miaka yake na viatu vya misa, kwa ajili ya chumba kinacholipiwa. Halafu watakuja kesho, nami nitakuwepo. Télesphore atakaa kwake vilevile, akitaka. Nitamwomba, sitamwamuru. Noëlla atanikasirikia na atanipikia chai. Kama ndugu, Mungu wangu! Lakini bila kuandika.

Wananiita.

"Citoyenne, kalamu umeipata?"

"Nimeipata, papa!"

Anacheka huko nje kwa sauti ya mtu anayerudi nyumbani mapema. Karani anafungua kile kikopo cha wino wa muhuri. Natwaa kigoda cha jikoni, cha kukalia kizingitini kwa Noëlla. Kalamu inabaki hapa, juu ya —